Chembe Hai: Chumvi Ikaushayo Papa na Chumvi Iokoayo Mtoto



Miongoni mwa masomo ambayo watoto wetu wa sekondari ya chini huja nayo nyumbani limo somo la seli. Mtoto hufungua daftari, na ndani yake mna duara lililochorwa kwa penseli, na ndani ya duara hilo duara jingine dogo, na mistari imetoka pande zote kuonyesha majina. Majina hayo huyahifadhi usiku wa kuamkia mtihani, akayaandika asubuhi, na baada ya juma moja hayamo tena kichwani. Hatumlaumu. Amefundishwa majina, hakufundishwa kazi za wenye majina. Twataka basi kulieleza somo hili kwa lugha yetu, ili mzazi naye aweze kukaa na mwanawe wakafahamishana. Na tutalifikisha mpaka kwenye jambo ambalo kila nyumba ya huku pwani yahitaji kulijua, nalo ni kumnusuru mtoto aliyeshikwa na tumbo la kuharisha. Huenda mtu akauliza hayo mawili yanahusiana nini. Na asome, atayaona.

Seli, ambayo sisi tutaiita chembe hai, ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe ambayo yenyewe ina uhai. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukitoa jiwe moja ukutani ukaliweka njiani, hilo ni jiwe tu, si nyumba ndogo. Chembe hai sivyo ilivyo. Kila moja hupokea chakula, hutumia nguvu, hutoa taka zake, na aghalabu hujigawa zikawa mbili. Wako viumbe ambao mwili wao mzima ni chembe moja, kama amiba na vijidudu vingi vya maradhi. Na wako viumbe kama sisi, ambao mwili wa mtu mzima wakadiriwa kuwa na chembe trilioni 30 hivi, yaani 30 na sufuri kumi na mbili nyuma yake. Katika hizo, zaidi ya nne kwa tano ni chembe nyekundu za damu, ambazo ukizipanga 130 hivi katika safu moja hazipiti urefu wa milimita moja. Walakini si zote zilizo ndogo hivyo. Ile sehemu ya manjano ya yai la kuku ambalo halikupata jogoo, yote ni chembe moja iliyojaa akiba ya chakula.

Kwa udogo wake, watu waliishi na chembe hizi karne na karne bila ya kuzijua. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, na miongoni mwayo ni kipande chembamba cha gamba la mti, lile litengenezewalo vizibo vya chupa. Aliona vijumba vitupu vilivyopangana kama sega la asali, akaviita kwa neno la kwao lenye maana ya chumba kidogo, na ndilo neno hilo ambalo leo watoto wetu walitamka “seli”. Lakini aliyoyaona yalikuwa magofu: wenyeji walikwisha kufa, zimebaki kuta. Aliyeziona zilizo hai ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi. Wauza nguo wa zama zile walitumia kioo cha kukuzia kuhisabu nyuzi za kitambaa. Huyu alitengeneza vioo vyake kwa mkono wake mpaka vikashinda vya wataalamu wengi, na katika miaka ya 1670 akaona ndani ya tone la maji viumbe vikienda mbio huku na huku. Chuo kikuu hakukisoma. Twalitaja hili kwa ajili ya wale ndugu zetu wa madukani wasemao kuwa ilimu kama hii haiwahusu.

Baadaye, mwaka 1838 na 1839, Wajerumani wawili, Matthias Schleiden aliyetazama mimea na Theodor Schwann aliyetazama wanyama, walieleza kuwa hawa na hawa wamejengwa kwa chembe. Na mwaka 1855 Rudolf Virchow akashikilia kwamba hakuna chembe izukayo yenyewe, kila moja imetoka katika chembe iliyoitangulia.

Sasa turudi kwenye lile duara la daftarini. Mstari wake wa nje ni utando, nao tutauacha kwa sasa kwa kuwa ndio kiini cha maneno yetu. Ndani ya utando mna ute, ambao vitabu huuita saitoplazimu, na humo ndimo zifanyikamo kazi nyingi. Lile duara dogo la katikati ni kiini. (Mtoto na aambiwe mapema kwamba kiini hiki sicho kile cha yai, neno ni moja, vitu ni viwili.) Ndani ya kiini mna nyuzi za DNA zilizokunjwa mara nyingi mno, na lau nyuzi za chembe moja ya mwanadamu zingenyooshwa na kuungwa, zingefika mita 2 hivi. Hayo ndiyo maandiko ya maagizo ya chembe, yenye kueleza namna ya kutengeneza protini zake zote. Agizo likihitajiwa hunakiliwa, na nakala yake hutolewa nje ya kiini ikapelekwa kwa raibosomu, ambazo ndizo mafundi: huisoma nakala, zikaiunga protini kipande baada ya kipande.

Mafundi hawafanyi kazi bila ya nguvu, na nguvu nyingi ya chembe hutoka katika mitokondria. Haya ni meko. Chakula kilichokwisha vunjwavunjwa hukutana humo na oksijeni tuliyoivuta kwa pumzi, ikapatikana nguvu, na kinachobaki ni maji na kaboni dioksidi, ile tuitoayo puani. Chembe za misuli ya moyo, ambazo hazijui mapumziko, zimejaa meko hayo. Chembe nyekundu za damu, kinyume chake, hazina hata moja, wala hazina kiini. Vyote zimeviacha zikapata nafasi ya kubeba oksijeni kwa ajili ya wenzake. Kwa sababu hiyo haziwezi kujirekebisha zikichakaa. Huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine zaidi ya milioni kila sekunde ili kushika mahali pa zile zilizokwisha.

Mimea ina ziada tatu juu ya hizo. Nje ya utando ina ukuta mgumu wa selulosi, na ukuta huo hubaki hata baada ya chembe yenyewe kufa: boriti ya mkoko iliyobeba dari, kamba ya makumbi iliyofunga chombo, na uzi wa pamba ulioshona kanzu, vyote hivyo ni kuta za chembe zilizokwisha maliza umri wake. Pili ina kloroplasti, vidude vya kijani vishikavyo mwanga wa jua vikatengeneza sukari kwa maji na kaboni dioksidi. Tatu ina vakuoli, mfuko mkubwa wa maji ambao ukijaa huusukuma ukuta kwa ndani, mmea ukasimama. Mchicha ulioanguka shingo sokoni adhuhuri ni mchicha ambao mifuko yake imepungua maji, na yule muuzaji aunyunyiziaye maji kila saa ajua alifanyalo.

Na mtoto anayetaka kujua chembe zinavyojengwa na apasuliwe dafu. Katika maji ya nazi ikiwa bado changa sana mna viini vingi vinavyoelea bila ya tando za kuvitenga, japo kwa macho hatuvioni. Kisha nazi ikikua, chembe hujengwa kuanzia pembezoni, kando ya kifuu, na hiyo ndiyo ile nyama laini tuikombayo kwa kijiko. Huzidi kunenepa na kukaza mpaka ikawa nazi ya kukuna. Wachache katika walimu wetu huutaja mfano huu, ilhali mbele ya macho yetu siku zote umo.

Sasa twaja kwenye utando, ambao vitabu vya shule aghalabu huupa mstari mmoja na kupita. Unene wake ni nanomita 7 hadi 10 tu. Tando elfu kumi zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo zikaribiapo unene wa karatasi moja. Umefanywa kwa matabaka mawili ya mafuta, na baina yake zimetiwa protini zilizo kama milango. Maji hupita katika utando huu kwa wepesi. Chumvi na sukari hazipiti hivi hivi, mpaka ziwe na mlango wao. Kutokana na tofauti hiyo hupatikana kanuni ambayo vitabu huiita osmosisi, nayo ni kwamba maji huuvuka utando kuelekea upande ulio na chumvi au sukari zaidi.

Kanuni hii watu wetu waliitumia kabla ya kuijua jina. Mvuvi ampasuaye papa akamsugua chumvi hamkaushi kwa jua peke yake. Chumvi iliyo nje ya chembe za nyama ni nyingi kuliko iliyo ndani, basi maji hutoka, na samaki huanza kuvuja kabla hata hajaanikwa. Na vijidudu vya kuozesha vikimwangukia hupata janga lile lile, kwa kuwa navyo ni chembe zenye utando; hukauka visizaane. Achari ya ndimu na ya embe ni vivyo hivyo. Na mabaharia wetu wajua kuwa aliyepotea baharini akanywa maji ya bahari huzidiwa na kiu badala ya kuipoza. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, na damu yetu nguvu yake ni kama ya maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita. Anayekunywa ya bahari huvuta maji kutoka katika chembe zake mwenyewe, na figo haziwezi kuitoa chumvi yote ile ila kwa kupoteza maji mengi zaidi ya aliyoyanywa.

Mzazi akitaka kumthibitishia mwanawe, na achukue kiazi cha mbatata, akikate vipande viwili vyembamba vilivyolingana. Kimoja akitie katika bakuli la maji matupu, na cha pili katika maji yaliyokorogwa vijiko vikubwa viwili vya chumvi. Baada ya saa chache kile cha maji matupu kitakuwa kigumu, kikipindwa chavunjika. Na kile cha chumvi kitakuwa kimelegea kama ulimi. Kiazi kina kuta, kwa hiyo hakipasuki kwa kunywa maji mengi. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta: itie katika maji matupu, itavimba mpaka ipasuke, itie katika maji makali ya chumvi, itakunjamana. Ndiyo maana hospitali hawamtilii mgonjwa maji matupu katika mshipa, bali maji yaliyopimwa chumvi.

Tumesema chumvi na sukari zina milango. Katika chembe zilizotandikwa ndani ya utumbo mdogo upo mlango mmoja wa ajabu, ambao haumpitishi mmoja bila ya mwenziwe. Glukosi, ile sukari ndogo ambayo vyakula vingi vya wanga na sukari huvunjwa mpaka kufikia kwake, hubisha hodi pamoja na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, na mlango hufunguka kwa chembechembe mbili za sodiamu na moja ya glukosi. Hizo zikiingia, maji huzifuata kwa ile kanuni ya papa. Jambo hili la kuingia pamoja lilielezwa na Mmarekani Robert Crane mbele ya wataalamu waliokutana Prague mwezi wa Agosti 1960, naye hakuwa akifikiria ugonjwa wowote; alikuwa akitafuta tu namna sukari ipitavyo katika utumbo.

Sasa kitazameni kipindupindu. Maradhi haya si mageni pwani yetu. Yaliishambulia Unguja mwaka 1869 na 1870, na tabibu James Christie, aliyekuwako huko, aliyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Na Kenya yamekuwa yakirejea mara kwa mara tangu mwaka 1971. Kijidudu chake hakizili chembe za utumbo wala hakizitoboi. Hutoa sumu ambayo huingia katika chembe na kuufungulia mlango mwingine, wa kloraidi, ukakaa wazi. Kloraidi hububujika kuingia ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji hufuata yote mawili. Mgonjwa aweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na choo chake huwa kama maji ya kuoshea mchele. Aliyeshikwa sana asipotibiwa, yu baina ya kufa na kupona nusu kwa nusu, tena kwa muda wa saa, si siku.

Ukimpa mgonjwa huyu maji matupu, mengi yatapita. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, yatapita pia, kwa kuwa njia ya kawaida ya chumvi kuingia imezuiwa na sumu ile. Lakini ule mlango wa wawili haukuguswa. Mwenye kuleta chumvi na sukari pamoja, kwa kipimo chake, hufunguliwa, na maji huingia mwilini hali ugonjwa bado upo. Hilo ndilo lililothibitishwa Dhaka mwaka 1968 na matabibu David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao.

Hata hivyo wakubwa wengi wa tiba hawakuridhika. Waliona haistahiki mgonjwa mahututi kutibiwa kwa kikombe ilhali sindano ya mshipani ipo. Kisha ukaja mwaka 1971 na vita vya Bangladesh, na wakimbizi kwa mamilioni wakaingia India, na kipindupindu pamoja nao. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, wagonjwa walilazwa chini, na maji ya kutilia mshipani yakawa yanakwisha. Tabibu Dilip Mahalanabis wa Calcutta aliamuru ichanganywe glukosi, chumvi ya meza na magadi ya kupikia, itiwe katika mifuko, ikorogwe ndani ya mapipa yenye bomba, na mama na ndugu wa wagonjwa wafundishwe kuwanywesha wenyewe. Kabla ya hapo katika kila wagonjwa mia walikufa kama 30. Baada yake walikufa chini ya 4. Aliyefanya kazi kubwa pale ni mama mwenye kikombe, asiyejua kusoma huenda, aliyekaa usiku kucha akinywesha. Mwaka 1978 gazeti la matabibu la London, The Lancet, liliihisabu dawa hii kuwa huenda ikawa ndiyo hatua kubwa kuliko zote za utabibu katika karne ile.

Basi katika majumba yetu bado twasikia ikisemwa kuwa mtoto anayeharisha anyimwe maji, kwa kuwa akinywa huharisha zaidi. Twasema wazi kwamba jambo hili huua. Choo kitaendelea kwa muda, anywe asinywe. Tofauti ni kwamba anywaye hurudishiwa kile kimtokacho. Na wako wampao soda au sharubati tamu, wakidhani utamu ni nguvu. Soda nyingi zina sukari gramu 100 hivi katika lita, na wingi huo ndani ya utumbo hufanya kazi ya chumvi juu ya papa: huyavuta maji kutoka katika chembe yakaingia utumboni, na mtoto akazidi kukauka. Dafu ni zuri kwa mwenye kiu, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu chache, wala halisimami mahali pa dawa hii.

Iliyo bora ni ile pakiti ya ORS ipatikanayo zahanati na madukani, nayo hukorogwa katika kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, si pungufu si zaidi. Kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 ni glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6 katika lita moja, pamoja na potasiamu na sitreti. Ikikosekana pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Chumvi isizidi. Akina mama na wayaonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Mtoto asiyefika miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo cha maji, na aliyepita umri huo nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngojeni dakika kumi kisha mwanze tena kwa kijiko, polepole. Anyonyaye aendelee kunyonya, na alaye asizuiwe chakula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki, ambavyo huendelezwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekwisha funga. Lakini mtoto ambaye macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, au amelegea haamki vyema, au ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi, au choo chake kina damu, huyo asingojwe nyumbani. Achukuliwe hospitali saa ile ile, naye njiani anyweshwe kadiri awezavyo. Na maji yaliyokorogwa yakipita siku moja na yamwagwe, yakorogwe mengine.